Tahariri: Msiue injini za turbo kwa oili ya kubahatisha

UKISIMAMA kando ya Thika Road Ijumaa usiku, huhitaji kuona gari ndipo ujue ni gani linakuja. Utalisikia kwanza. Ule mngurumo wa Subaru, kama ngoma inayopigwa na mtu mwenye haraka, kisha turbo ikipumua dereva anapoachilia mguu. Muda si mrefu inapita Golf GTI, ekzosi ikitoa vile vimlipuko ambavyo hufanya watu kwenye steji wageuke. Nyuma yake Mark X, taa zimeinama chini, muziki juu.

Kijana wa Kenya anapenda mwendo, na hili halikuanza jana. Wazazi wetu walikula vumbi wakingoja Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953. Mwaka wa 1997 Colin McRae aliyashinda kwa Subaru Impreza, na mwaka wa 2000 ikawa zamu ya Richard Burns, wote ndani ya gari lile lile la buluu. Safari iliporejea kwenye ratiba ya dunia 2021 kule Naivasha, msafara wa magari ya vijana kutoka Nairobi ulikuwa mashindano mengine kando. Kwa hivyo hatutakuambia uuze ndai yako ununue ya kwenda nayo kanisani pekee. Penda gari lako. Sisi pia tunayapenda.

Lakini kuna sauti nyingine ambayo hakuna anayeirekodi na kuiweka mtandaoni. Ni ile tok-tok-tok inayotoka chini ya boneti, ikiongezeka kasi kila unapokanyaga. Ukiisikia, fundi hata hafungui kitu. Anatikisa kichwa na kusema: "Mkubwa, hii imenoki." Hapo ndipo hadithi ya gari huisha na hadithi ya deni huanza.

Msimamo wetu ni huu: injini nyingi za vijana hazifi kwa sababu zilikuwa mbovu kutoka Japani. Zinakufa kwa sababu mwenyewe alitumia pesa kwa kila kitu kinachoonekana na kusikika, kisha akabania kitu kimoja kinachozunguka ndani bila kuonekana. Oili.

Mmoja wetu hapa alinunua Forester ya turbo kwa mkopo wa sacco. Mdhamini alikuwa mamake. Mwezi wa kwanza akaweka rimu. Mwezi wa pili akabadilisha ekzosi. Servisi ilipofika, akaenda gereji moja mtaani, fundi akachota oili kutoka kwa dramu kwa chupa iliyokatwa shingo. Jamaa akauliza ni oili gani. "Ni 20W-50, nzito, poa kabisa. Hizo namba za 5W ni za watu wa baridi. Hii ni Africa." Ilisikika kama hekima. Ilikuwa pia bei nafuu. Miezi michache baadaye, akipanda kutoka Naivasha na marafiki watatu ndani, injini ilianza kugonga. Gari lilifika Nairobi likiwa juu ya lori. Mathe hakumuuliza lolote kuhusu turbo. Aliuliza tu: "Mkopo umebaki miezi mingapi?"

Hatuwezi kuapa kwamba oili ile peke yake ndiyo iliyoua injini. Gari la mtumba huja na historia yake. Lakini hakujua alichoweka, hakujua kilitoka wapi, na hakujua gari lake lilitaka nini. Mambo matatu, yote yangejibiwa kwa dakika kumi. Hebu tuyajibu leo.

Namba zinasema nini

Chukua chupa iliyoandikwa 5W-40. Wengi hudhani W ni "weight", yaani uzito. La. W ni winter, majira ya baridi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza jinsi oili inavyojiendesha ikiwa baridi. Oili ya 5W hupimwa kama injini inaweza kuizungusha kwenye nyuzi 30 chini ya sufuri. Ya 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sufuri. Ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sufuri. Namba ya pili, hiyo 40, inaeleza mnato wake ikiwa moto, kwenye nyuzi 100, joto la injini iliyo kazini.

Sasa utasema: si basi fundi ana haki? Nairobi haijawahi kuona nyuzi 15 chini ya sufuri! Hapa ndipo tunapoteleza. Oili haiko kama maji. Iko kama asali. Hata asubuhi ya kawaida ya Nairobi, oili iliyolala usiku kucha ina mnato zaidi ya mara kumi ukilinganisha na vile itakavyokuwa injini ikipata moto. Ile dakika ya kwanza, kabla oili haijafika juu kwenye kamshafti na ndani ya turbo, ndiyo injini inalika zaidi. Oili yenye namba ndogo kabla ya W hufika haraka. Haijalishi unaishi Limuru au Likoni.

Je, 20W-50 ni sumu? Hapana, na tuseme ukweli wote. Ina mahali pake. Peugeot 504 ya babu, iliyotengenezwa na nafasi pana kati ya vyuma, huipenda. Hata vitabu vya baadhi ya magari ya kisasa zaidi huruhusu oili nzito kwa joto kali na kazi ngumu. Kosa si namba yenyewe. Kosa ni kuimwaga kwa kila injini kwa sababu "hii ni Africa", kama vile injini hutengenezwa kwa kuangalia bara.

Injini ya kisasa ina nafasi nyembamba kuliko unywele kati ya beringi na chuma kinachozunguka. Tena hutumia oili kama mkono wa kufanya kazi: mifumo ya kubadilisha wakati wa vali, ile VVT-i ya Toyota na AVCS ya Subaru, husukumwa na presha ya oili inayopita kwenye vijitundu vidogo. Weka oili isiyopita vizuri pale, na usishangae gari likiwa zito au taa ya injini ikiwaka.

Kwa nini turbo haina huruma

Kama gari lako halina turbo, kosa la oili linaweza kuchukua miaka kuonekana. Turbo haikupi muda huo. Ndani yake kuna shafti inayozungushwa na moshi wa ekzosi, na inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Injini yenyewe ikifika 7,000 tayari unaisikia inalia. Shafti hiyo, katika turbo nyingi, haigusi chuma. Inaelea juu ya tabaka jembamba la oili. Tabaka likikatika hata kwa muda mfupi, chuma kinagusa chuma.

Upande mmoja wa turbo hiyo unapigwa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi. Kwa hivyo oili haifanyi kazi ya kulainisha peke yake. Inabeba joto pia. Oili dhaifu hapo huchomeka na kugeuka masizi magumu, masizi yanaziba njia, na njia ikiziba turbo inakufa kiu huku kijiti cha oili kinaonyesha imejaa. Ndiyo maana baada ya kukimbiza gari, au kupanda mlima mrefu, unatakiwa kuendesha polepole dakika chache za mwisho au kuliacha lingurume kidogo kabla ya kuzima. Usizime ghafla ukiwa bado umetoka kuonyesha watu.

Halafu kuna jambo ambalo wenzetu wa Mombasa hawana lakini sisi tunalo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Naivasha na Nakuru ziko juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi, na turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufikia presha ile ile. Lile gari unaloliona limetulia linafanya kazi ya ziada kuliko lingefanya pwani. Ukiongezea foleni ya saa mbili, injini ikinguruma bila upepo wa kuipoza, usijidanganye kwamba wewe ni dereva wa "matumizi ya kawaida".

Basi uweke gani?

Jibu halitoki kwa mbogi yako wala kwetu. Linatoka kwa aliyetengeneza injini. Tafuta kitabu cha gari. Kama ni cha Kijapani, na cha magari mengi ya mtumba huwa hivyo, simu yako inaweza kukitafsiri kwa kamera. Hakuna kitabu? Tazama kifuniko cha kumiminia oili, wakati mwingine namba imeandikwa pale pale. Au tafuta kitabu cha modeli na mwaka huo mtandaoni. Muhimu ni utafute kwa kodi ya injini, si kwa jina la gari tu. Forester isiyo na turbo na Forester ya turbo ni ndugu, lakini hawali chakula kimoja.

Tuchukue mifano miwili mnayoijua.

Subaru za turbo za injini ya EJ20. Ule mngurumo maarufu unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyo na urefu sawa, si na nguvu za ziada. Injini hizi zina sifa moja mbaya inayojulikana dunia nzima: beringi za konrodi hazisamehi oili ikipungua au presha ikishuka. Kwa matumizi ya kawaida Subaru imekuwa ikitaja 5W-30. Wengi wanaoendesha kwa nguvu hupanda hadi 5W-40 ya sinthetiki ili tabaka lisikatike kwenye joto, na hoja yao ina mashiko ikiwa kitabu kinaruhusu. Ila sikiliza: injini hizi hunywa oili. Ukiweka oili bora kuliko zote duniani kisha ikashuka lita moja bila wewe kujua, umefanya kazi bure. Chomoa kijiti kila unapojaza petroli. Gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa dakika chache. Ni sekunde thelathini. Taa nyekundu ya oili usiitegemee. Ile inaonya kuhusu presha, si kiasi. Ikiwaka ukiwa mwendo, zima injini ukiwa umeegesha salama, usisukume hadi petroli steshoni iliyo mbele.

Golf GTI. Hapa namba za mnato hazitoshi. Volkswagen ina viwango vyake, na kwa GTI nyingi zilizo barabarani hapa utakutana na VW 502 00 au 504 00. Namba hizo huandikwa nyuma ya chupa. Chupa mbili zinaweza kuwa zote 5W-40, moja ina kiwango hicho na nyingine haina. GTI ya Mk5 ina kikombe kidogo cha chuma kati ya kamshafti na pampu ya petroli ambacho hulika. Mk6 inajulikana kwa kikaza-cheni kinachotegemea presha ya oili. Oili ya kubahatisha inaharakisha maradhi hayo yote. Na usome maneno vizuri: "Approval" maana yake kampuni ya gari imeikubali oili hiyo. "Suitable for" au "Meets" mara nyingi ni mwenye oili anajisifu mwenyewe. BMW na Mercedes wana mtindo huo huo wa viwango vyao, kwa hivyo usome kabla ya kulipa.

Mwisho, tafuta herufi za API. Zikianza na S ni za injini za petroli, zikianza na C ni za dizeli. Herufi ya pili ikisonga mbele kwenye alfabeti, kiwango ni kipya. SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020, SQ ikafuata 2025. SP ina maana kubwa kwa turbo ndogo za kisasa zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa sababu ilibuniwa kuzuia petroli kulipuka kabla ya wakati ukikanyaga kwa mizunguko ya chini, kitu kinachoweza kuvunja pistoni. Ukiona chupa inajivunia SF au SG, hiyo ni teknolojia ya miaka ya themanini. Wewe na gari lako hamkuwa mmezaliwa.

Kilomita 10,000 ni za nani?

Kibandiko kwenye kioo kinasema urudi baada ya kilomita 10,000, na wewe umeridhika. Kwa magari mengi ya turbo huko Japani kwenyewe, ushauri umekuwa kilomita 5,000 au miezi sita, linalotangulia. Huko barabara ni laini na petroli ni nzuri. Wewe uko kwenye vumbi, foleni na milima, halafu unataka kwenda mara mbili ya hiyo? Badilisha kila 5,000, pamoja na filta. Filta mpya kila mara. Kuweka oili mpya na filta ya zamani ni kuoga na kurudia soksi za jana.

Na zile dawa za kuongeza kwenye oili, za "kurudisha nguvu"? Oili nzuri imeshachanganywa viungo vyake na watu waliosomea. Ukiongeza chako unaharibu mchuzi. Weka hiyo doo kwenye servisi inayofuata.

Oili feki, na wajibu wa wanaotuuzia

Unaweza kufuata haya yote na bado ukauziwa maji ya rangi. Chupa inafanana, kibandiko kinang'aa, ndani ni oili iliyotumika ikachujwa. Mfanyaji wa hila hii anahitaji vitu viwili: chupa tupu halisi na mteja mwenye haraka. Usimpe hata kimoja.

Nunua kwa muuzaji anayetambuliwa na chapa husika, na uitishe risiti. Kagua kifuniko: kama muhuri umeguswa, rudisha. Tazama kama namba ya bechi ipo na haifutiki kwa kidole. Nambari ya kibali kwenye alama ya ubora ya KEBS unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Beba oili yako mwenyewe hadi gereji, simama hapo, ona ikifunguliwa. Fundi mwaminifu hatakasirika. Ukimaliza, toboa au kata chupa tupu kabla ya kuitupa. Chupa yako safi ya leo ndiyo feki ya mwenzako kesho. Na oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Mtaro huo unaelekea mtoni, na mto huo una watu.

Lakini mzigo huu usiwe wa mnunuzi peke yake. KEBS na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi zisingoje misako ya mara moja kwa mwaka yenye kamera. Maduka ya spea yanajulikana yaliko, na madramu yasiyo na jina yanajulikana yaliko. Mwenye gereji anayechota oili kwa dramu aonyeshe karatasi ya ilikotoka, kama vile muuza nyama anavyoonyesha muhuri. Nao mafundi wetu, ambao wengi wamejifunza kwa mikono yao na wanajua mengi kuliko vitabu, wapewe mafunzo ya injini hizi mpya. Hatuwadharau. Wengi wao wanarudia ushauri uliokuwa sahihi kwa magari ya 1985. Magari yamebadilika.

Kwako wewe msomaji, tunaomba kitu kimoja wikendi hii. Kabla ya kulipia ile ekzosi, au zile rimu ulizoziweka kwenye kikapu cha mtandaoni, nenda kwa gari lako asubuhi injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti. Angalia oili iko wapi na ina rangi gani. Kisha jiulize: najua ni oili gani hii? Najua iliwekwa lini? Kama jibu ni hapana, hiyo ndiyo modifikesheni ya kwanza unayohitaji.

Tofauti ya bei kati ya oili sahihi na ya dramu ni elfu chache. Injini ya kubadilisha ni mamia ya maelfu. Yule mwenzetu amenunua injini nyingine sasa, na siku hizi anabeba oili yake kwa mkoba kama mtu anayebeba dawa za mgonjwa. Mkopo bado haujaisha. Mathe bado anauliza umebaki miezi mingapi.